Kuumwa na kupe baada ya matembezi msituni: tuangalie dalili gani, na je, tunywe dawa mapema?

Mwalimu wa Meru ameuliza:

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote. Jumamosi iliyopita mimi na walimu wenzangu wawili tuliwapeleka wanafunzi wa klabu ya mazingira kwenye matembezi ya miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Askari wa hifadhi alituongoza kutoka lango la Momela, tukapita kando ya uwanda wa majani wanakolisha nyati, kisha tukapanda ndani ya msitu hadi kwenye maporomoko ya Tululusia. Matembezi yalikuwa mazuri na hakuna aliyeumia, lakini jioni, wakati wa kuoga, wengi wetu tuligundua kwamba tumerudi na kupe mwilini.

Mimi nilikuta mmoja nyuma ya goti na mwingine kiunoni, pale mkanda wa suruali unapobana. Yule wa nyuma ya goti ni mkubwa kiasi, mgongo wake una madoa ya rangi ya chungwa yanayong'aa, na miguu yake ina pete nyeupe. Nilimtoa kwa kibano na nimemhifadhi kwenye kichupa chenye spiriti. Mwanafunzi mmoja alikuwa na wadogo mno, mithili ya mbegu za ufuta, waliomjaa kwenye vifundo vya miguu hata nikashindwa kuwahesabu. Mwalimu mwenzetu wa kike, ambaye ni mjamzito wa miezi michache, alitolewa mmoja begani na mwingine karibu na kwapa.

Ushauri tuliopata tangu siku hiyo unatofautiana sana. Jirani yangu anasisitiza kwamba kupe apakwe mafuta ya taa ili ajiachie mwenyewe. Muuzaji wa duka la dawa anataka sote tunywe antibayotiki sasa hivi, hata kabla ya kuugua. Nilipotafuta kwenye intaneti, karibu kila ukurasa ulizungumzia ugonjwa wa Lyme na alama nyekundu ya duara inayopanuka kwenye ngozi, na mzazi mmoja ameshaanza kuuliza ni maabara gani ya Arusha inayopima ugonjwa huo. Naomba mwenye ujuzi anisaidie: kwa mazingira yetu ya hapa, hatari ni ipi hasa, tuangalie nini katika siku zijazo, na wazazi niwaambie nini?

Afisa Mifugo, Longido amejibu:

Mwalimu, pole na shughuli. Nimefanya kazi ya kuogesha mifugo kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu upande wa kupe na kuwaachia matabibu upande wa binadamu.

Kwa maelezo uliyotoa, huyo wa nyuma ya goti ni dume la aina ambayo wataalamu huiita Amblyomma variegatum. Madoa ya rangi mgongoni na pete kwenye miguu ndiyo yanayomtambulisha, na ndiye anayeambukiza ng'ombe, mbuzi na kondoo ugonjwa wa moyo maji. Huwa anapatikana kwa wingi mahali ambapo ng'ombe au nyati hupita mara kwa mara, na ninyi mmepita hapo hasa. Watu wengi huamini kwamba kupe hudondoka kutoka kwenye miti, lakini sivyo. Kupe wa aina nyingi hupanda hadi ncha ya jani, wakashika kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ile ya mbele, wakisubiri mnyama au mtu apite na kuwagusa. Huyu wa madoa ana tabia nyingine tena: akihisi hewa inayotoka puani mwa mnyama, huteremka na kumfuata kwa miguu juu ya ardhi. Ndiyo maana mahali mlipokaa kupumzika ni pa hatari kuliko njia mliyokuwa mkitembea, maana hapo humpa nafasi ya kuwafikia.

Wale wadogo waliomjaa mwanafunzi ni viluwiluwi vya kupe waliotoka kwenye mayai. Ukiwatazama kwa kioo cha kukuzia utaona wana miguu 6, ilhali kupe aliyekomaa ana 8. Jike moja la Amblyomma huweza kutaga mayai yanayofikia maelfu kwa maelfu katika sehemu moja, na viluwiluwi hukaa pamoja kwenye majani yaleyale; anayeligusa jani hilo huwachukua wote kwa mara moja. Kwa hiyo wingi wao hauna maana kwamba mwanafunzi huyo alikuwa mchafu au mzembe, na naomba asije akadharauliwa na wenzake kwa hilo.

Kuhusu mafuta ya taa, tafadhali mkatae jirani kwa heshima. Kupe hujishikiza kwa kuingiza mdomo wenye meno yaliyogeuka nyuma, na aina nyingi hutoa pia utomvu unaoganda na kuwagandisha kwenye ngozi. Mafuta, moto wa kiberiti au chumvi haviuachishi mdomo huo upesi, bali humsumbua kupe, naye anaposumbuliwa anaweza kurudisha mate na vilivyomo tumboni ndani ya kidonda. Vilevile, wafugaji wetu wana mazoea ya kumminya kupe kwa kucha za dole gumba. Mazoea hayo nayapiga vita kila ninapokwenda joshoni, kwa sababu damu ya kupe ikiingia kwenye mchubuko inaweza kubeba ugonjwa, na homa ya Crimea-Kongo, ambayo nchi jirani ya Uganda imeithibitisha kwa wagonjwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni, ni miongoni mwa magonjwa yanayoweza kuambukizwa kwa njia hiyo.

La mwisho kwa upande wangu: wazazi wafugaji watakuuliza kama watoto wanaweza kupata ndigana kali. Waambie hapana. Vimelea vya ndigana kali huwashika ng'ombe, haviwashiki watu.

Tabibu, Kanda ya Kaskazini amejibu:

Mwalimu, ahsante kwa swali lililoandikwa kwa makini, na ahsante pia kwa kumhifadhi kupe. Afisa mifugo amenirahisishia kazi, maana ukishajua ni kupe gani na mmepita wapi, nusu ya jibu umeshalipata.

Ugonjwa wa kuufikiria kwanza kwa hali yenu ni homa ya kuumwa na kupe ya Afrika, inayosababishwa na bakteria wa kundi la riketsia aitwaye Rickettsia africae. Kupe huyo wa madoa ndiye mwenezaji wake mkuu katika sehemu zetu, na jike huwarithisha watoto wake bakteria hao kupitia mayai, kwa hiyo hata viluwiluwi ambavyo havijawahi kunyonya damu vinaweza kumwambukiza mtu. Dalili huanza baada ya takriban siku 5 hadi 10 tangu kuumwa. Mgonjwa hupata homa, kichwa kinamuuma sana, misuli inamuuma hasa ya shingo, na mitoki inavimba karibu na mahali alipoumwa: akiumwa mguuni itavimba kwenye kinena, akiumwa begani itavimba kwapani. Wengine hutokwa na vipele vichache.

Alama inayosaidia kuliko zote ni kigaga cheusi. Pale kupe alipouma panatokea uvimbe mdogo mwekundu, kisha katikati ya uvimbe ngozi inakufa na kuwa nyeusi, kwa kawaida si pana kuliko kifungo cha shati, na mara nyingi hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, mgonjwa hakisemi, na kwa kuwa kipo kinenani, chini ya titi, kwenye kisogo ndani ya nywele au kati ya makalio, mhudumu asiyemvua mgonjwa nguo hakioni. Katika ugonjwa huu vigaga huweza kuwa viwili, vitatu au zaidi, kwa sababu mtu huumwa na kupe wengi kwa safari moja. Nawaomba wazazi wawakague watoto kila jioni kwa wiki mbili zijazo, sehemu zote nilizozitaja, na waanze na nywele.

Sasa naomba niseme jambo linalonigusa sana katika kazi yangu. Kwetu sisi, mtu akipata homa, wazo la kwanza ni malaria, na ni sahihi kabisa kupima malaria kwanza, kwa sababu malaria huua haraka. Tatizo linaanza kipimo kinapoonyesha hakuna malaria. Wapo wanaopewa dawa ya mseto hivyohivyo, na wapo wanaorudishwa nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu, na hakuna aliyewauliza wamefanya nini wiki iliyopita. Kuna utafiti uliofanyika katika hospitali za Moshi na kuchapishwa mwaka 2013, ukihusu wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali. Kiasi cha asilimia 60 walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria, kumbe waliothibitika kuwa nayo hawakufika 2 kati ya 100. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya riketsia ya kundi hili, ambalo kupe ndio waenezaji wake wakubwa, takriban asilimia 8 walikutwa nayo. Hao si watalii waliotoka safari. Ni watu wa Kilimanjaro waliolala kwenye vitanda vya wodi zetu. Madaktari wa Ulaya wanaopokea wageni waliorudi kutoka Afrika huuliza habari za kupe kama jambo la kawaida, na mimi natamani wenyeji nao waulizwe vivyo hivyo. Hadi hapo itakapokuwa desturi, mgonjwa aseme mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa: «Nimeumwa na kupe, siku fulani, mahali fulani.»

Kuhusu antibayotiki za mapema, msinunue. Kwa homa hii hatutoi dawa kwa mtu asiye na dalili: wengi wanaoumwa hawaugui, na anayeugua hupona vizuri akitibiwa mapema, tena ni nadra sana ugonjwa huu kuhatarisha maisha. Isitoshe, dawa ambayo watu huuziwa kwa urahisi ni amoksilini, nayo haina nguvu yoyote dhidi ya riketsia. Dawa inayofaa ni doksisaiklini, na daktari ndiye atakayepanga kipimo na muda. Msishangae pia daktari akianza matibabu bila kusubiri maabara. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, na kingamwili hizo huchelewa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo majibu ya siku za mwanzo yanaweza kusema hakuna ugonjwa ilhali upo.

Kama kuna kupe aliyebaki mwilini, atolewe kwa kibano chenye ncha nyembamba kilichomshika karibu kabisa na ngozi, avutwe wima, polepole, bila kuzungushwa na bila kuminywa tumbo. Kipande cha mdomo kikibaki, msichimbe kwa sindano. Mwili utakisukuma nje. Viluwiluwi vya mwanafunzi yule vinaweza kubanduliwa kwa mkanda wa gundi unaobandikwa juu yake na kuvutwa. Kisha osheni kwa maji na sabuni, mpake spiriti.

Mwalimu mwenzenu mjamzito asisubiri kama wengine. Akipata homa hata kidogo aende hospitali siku hiyohiyo, na aeleze yote mawili: ujauzito na kupe.

Mama Neema, Portland, Maine amejibu:

Salamu kwenu nyote kutoka Marekani. Mimi ni mzaliwa wa Maniema, Kongo, na ninaishi hapa Maine pamoja na jamii kubwa ya Wakongo. Nimeona niandike kuhusu ugonjwa wa Lyme, kwa sababu huku kwetu ndio unaotusumbua, na kurasa za intaneti ambazo mwalimu amezisoma zimeandikwa kwa ajili ya watu wa huku.

Ugonjwa huo ulipata jina kutokana na mji wa Lyme katika jimbo la Connecticut, ambako miaka ya 1970 watoto wengi walianza kuvimba magoti bila sababu kujulikana. Bakteria wake alitambuliwa na Willy Burgdorfer mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye amepewa jina la mtafiti huyo. Anayeueneza hapa ni kupe wa paa, mdogo mweusi, Ixodes scapularis, na kupe huyo hayupo Afrika Mashariki. Mwenye madoa ya chungwa uliyemweka kwenye kichupa, mwalimu, hauenezi ugonjwa huo. Kwa maoni yangu yule mzazi asipoteze fedha zake kutafuta kipimo cha Lyme Arusha kwa ajili ya matembezi ya Momela.

Nimeona pia kwamba masharti ya huku yanatofautiana na aliyoyaeleza tabibu, na anayeyachanganya atapotea. Hapa daktari anaweza kumpa mtu dozi moja ya doksisaiklini kabla ya dalili yoyote, ikiwa kupe wa paa amekaa mwilini saa nyingi na hazijapita saa 72 tangu atolewe. Amoksilini, ambayo tabibu amesema haifai huko, huku hutumika kwa watoto wenye Lyme, na inawaponya. Ile alama ya duara nayo hutokea kati ya siku 3 na 30, hupanuka polepole, na haina kigaga cheusi.

Naomba niongeze neno juu ya papasi, kwa kuwa nimewasikia vijana wetu wakiwaita papasi na kupe kitu kimoja. Papasi ana ngozi laini, haishi kwenye majani bali kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi mafichoni, hivyo aliyeumwa haamki na kitu mwilini. Homa yake hupanda kwa siku chache, hushuka, halafu hurudi mtu anapodhani amepona. Huko kwetu Kasongo ndiko alikofia daktari Joseph Everett Dutton mwaka 1905, akiwa amepata homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Kama mlilala kwenye nyumba ya udongo katika safari hiyo, mwambieni tabibu na hilo.

Tabibu, Kanda ya Kaskazini amejibu:

Mama Neema, shukrani. Nakazia la papasi kwa sababu lina hatari ya pekee kwa wajawazito, ambao huweza kupoteza mimba. Vijidudu vya homa ya papasi huonekana kwenye hadubini, katika tone lilelile la damu tunalopaka kwenye kioo kutafuta malaria, lakini kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuvionyesha. Tangu vipimo vya haraka vilipoenea zahanati, macho yanayotazama damu kwenye hadubini yamepungua. Mgonjwa ambaye homa yake inaondoka na kurudi aombe damu yake itazamwe kwa hadubini.

Mwalimu wa Meru ameandika tena:

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Hatukulala kwenye nyumba ya udongo. Tulirudi siku ileile. Wazazi nimewasomea majibu yenu kwenye kikao na wamekubali kuwakagua watoto. Wanafunzi wote wako salama hadi sasa, akiwemo yule wa viluwiluwi, ambaye anawashwa tu.

Hata hivyo, mwalimu mwenzetu mjamzito ameamka leo na homa na maumivu ya shingo. Tayari alikuwa amepima malaria kwenye duka la dawa karibu na kwake, kipimo hakikuonyesha kitu, akauziwa amoksilini. Nilipomwonyesha maelezo ya kigaga alimwomba dada yake amtazame, naye amekuta viwili, kimoja begani na kingine chini ya kwapa, na tezi ya kwapa imevimba. Ana hofu kwamba dawa ya ugonjwa huu itamdhuru mtoto tumboni, na kwa sababu hiyo anasita kwenda hospitali.

Tabibu, Kanda ya Kaskazini amejibu:

Mwalimu, tafadhali mpeleke leo, msisubiri kesho, na mkienda bebeni kichupa chenye kupe pamoja na kadi yake ya kliniki ya wajawazito. Mwambie hofu yake ina msingi, kwa maana doksisaiklini huwa tunaiepuka kwa wajawazito inapowezekana, lakini haimwachi bila tiba. Ipo azithromaisini, ambayo madaktari huitumia badala yake kwa mjamzito mwenye homa ya aina hii, na daktari atakayemwona ndiye atakayeamua. Homa kali yenyewe, ikiachwa bila kutibiwa, si salama kwa mimba, kwa hiyo kubaki nyumbani si njia ya kumlinda mtoto.

Njiani anaweza kunywa parasetamoli na maji mengi. Asinywe diklofenaki wala dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo. Wakimpima malaria upya wawaachie wapime, kwani kipimo kimoja cha dukani hakitoshi kwa mjamzito mwenye homa. Kisha, kabla mhudumu hajaandika dawa, amwonyeshe vile vigaga viwili na kumwambia alivipata baada ya kupita kwenye majani ya nyati Momela Jumamosi iliyopita.